KWA NINI MOTERI INACHEMKA KABLA YA KUFIKA MUSHAKI?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za korali, za kabumbu na za mitihani. Leo naomba nafasi niandike juu ya motokari zinazochemka. Viazi na fromaje za wazazi wetu wa milimani, unga wa shule, hata wagonjwa wanaopelekwa hospitali, vyote vinasafiri mara nyingi ndani ya motokari za zamani sana. Nani kati yetu hajaona moja imesimama kando ya njia kati ya Sake na Mushaki, imefunguliwa mbele, mvuke unapanda, na abiria wote wanasema: "Weka maji tu, tuende!"

Maji yanawekwa, motokari inaondoka, na baada ya kona mbili inasimama tena. Kisha mwenye motokari anaambiwa: "Hii iko muzee, njo sababu." Mimi sikubali jibu hilo. Uzee si ugonjwa. Kuna moteri zenye miaka thelathini na zaidi zinazopanda mlima ule bila kuchemka, na zingine changa zinazochemka. Moteri inayochemka ina sababu, na mara nyingi sababu hiyo inaweza kujulikana kwa macho, kwa masikio na kwa mikono, bila kufungua hata skurubu moja, kama mtu anauliza kwanza swali moja: inachemka wakati gani?

Lakini kabla ya swali hilo, tuone moteri yenyewe inavyojipoza. Ndani ya silinda, mafuta yanapowaka, joto linapita digrii 2,000. Aluminiamu, ambayo moteri nyingi zina kichwa chake (ile kulasi) kilichotengenezwa kwayo, inayeyuka kwa digrii 660. Kwa hiyo bila kitu cha kuondoa joto, moteri ingejiua yenyewe kwa dakika chache. Kwa makadirio tu, theluthi moja ya nguvu ya mafuta inasukuma magurudumu, theluthi nyingine inatoka na moshi, na theluthi inayobaki ni mzigo wa maji. Pompi inasukuma maji kuzunguka silinda, yanapanda katika kulasi, yanapita mlango mdogo uitwao termostati, yanaingia tiyo ya juu mpaka radiatere, yanashuka humo yakipigwa upepo, na kurudi kwa pompi kwa tiyo ya chini. Ni duara. Mahali popote duara hilo linapokatika, joto linabaki ndani.

(Zile Volkswagen za zamani za kobe hazina radiatere wala maji, zinapozwa na upepo peke yake. Wenye nazo wanaweza kuruka nusu ya makala hii, lakini wasitucheke, maana mkanda wao ukikatika wanasimama kama sisi.)

Sasa jambo ambalo sisi watu wa Kivu tunapaswa kulijua kuliko watu wa pwani. Mwalimu wa fizike anatufundisha kwamba maji yanachemka kwa digrii 100. Ni kweli kule Muanda au Mombasa, kando ya bahari. Hapa Kirotshe ziwa letu liko mita karibu 1,460 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka kwa digrii karibu 95. Katika malisho ya Masisi, yanayopita mita 2,000, yanachemka kwa digrii karibu 93. Mama zetu wanajua jambo hili bila fizike: maharagwe ya milimani yanamaliza kuni nyingi kuliko maharagwe ya chini. Sababu ni hiyo tu. Hewa ya juu ni nyepesi, haibonyezi maji vya kutosha, na maji yanachemka upesi kabla hayajapata moto mkubwa.

Moteri nayo inapenda kufanya kazi yake maji yakiwa kati ya digrii 80 na 95. Mnaona hatari? Kule juu, moteri nzima, isiyo na ugonjwa wowote, iko karibu sana na mchemko. Inayoiokoa ni kifuniko cha radiatere. Kifuniko hicho si kama cha chupa. Ndani yake mna springi na mpira, na juu yake mara nyingi pameandikwa namba, kwa mfano 0.9. Maana yake ni kwamba kinafunga mvuke ndani mpaka mbonyezo ufike karibu kilo 0.9 kwa kila santimeta ya mraba juu ya ule wa hewa. Kwa mbonyezo huo maji yaliyo milimani hayachemki tena kwa 93, bali kwa digrii karibu 115. Digrii zaidi ya ishirini za usalama zinatoka katika kitu kidogo unachokishika kwa mkono mmoja! Mpira ukipasuka, au springi ikilegea, au mtu akiweka kifuniko cha motokari nyingine kisicholingana, au (nimeona) kitambaa kilichofungwa na kamba, basi digrii zile ishirini zimepotea, na motokari itachemka mlimani hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Wakati wa likizo niliona jambo hili kwa macho yangu. Pikapu moja ya kubeba viazi ilikuwa inachemka kila safari, mahali pamoja, katikati ya mlima. Chini kando ya ziwa ilikwenda vizuri kabisa. Fundi wa garaje moja aliisikiliza dakika tano na kusema kulasi ishushwe, jointi yake ibadilishwe, na kulasi ipelekwe kusawazishwa mjini. Mzee mwenye pikapu alikuwa amekwisha kupatana na mtu wa kununua ng'ombe wake. Shofere mmoja mtu mzima, aliyekuwa amepumzika pale, akamwambia: "Muzee, ungoje kwanza. Unionyeshe ile kifuniko." Walipokitoa, moteri ikiwa baridi, mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Wakaazima kifuniko kingine chenye namba ileile. Siku ya pili pikapu ilipanda na mzigo na kufika. Ng'ombe alibaki zizini. Sisemi kila mara ni kifuniko. Nasema kilipaswa kuangaliwa kwanza, kwa sababu kukiangalia hakuna malipo.

Haya, turudi kwa swali: inachemka wakati gani?

Kuna motokari inayochemka ikisimama au ikienda polepole, kwa mfano katikati ya soko la Sake siku ya watu wengi, lakini ikipata njia na kukimbia, sindano ya joto inashuka. Hapo maji yanazunguka, radiatere inafanya kazi, ila upepo umekosekana. Motokari ikikimbia, upepo wa njia unasaidia. Ikisimama, inategemea vantilatere peke yake. Kwa hiyo angalia vantilatere. Kwenye moteri nyingi za zamani inazungushwa na mkanda. Zima moteri, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati: ukizama kama santimeta moja, ni sawa, ukizama kama kamba ya kuanikia nguo, unateleza, na mara nyingi pompi ya maji nayo inazungushwa na mkanda huohuo. Mkanda unaong'aa upande wa ndani kama kiatu kilichopakwa rangi ni mkanda unaoteleza. Motokari zingine zina vantilatere yenye kitovu cha mafuta mazito ndani yake. Hiyo, moteri ikiwa ya moto na imezimwa, lazima ipinge mkono wako. Ukiisukuma ikazunguka mara nyingi yenyewe kama gurudumu la baiskeli, kitovu kimekufa. Na zile zenye vantilatere ya umeme, ngoja tu joto lipande uone kama inawaka, lakini usiweke mkono karibu hata ikiwa imelala, kwa maana inaweza kuamka yenyewe, hata moteri ikiwa imezimwa.

Angalia pia uso wa radiatere. Njia zetu zina matope wakati wa mvua na vumbi la mawe ya volkano wakati wa jua. Majani, wadudu na matope yanaziba zile pezi nyembamba. Osha kwa maji kutoka upande wa moteri kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Usitumie msumari wala bisibisi.

Kuna nyingine kinyume chake. Ikisimama ni baridi, ikienda tambarare ni nzuri, ikipanda na mzigo inachemka, na kifuniko chake ni kizima. Hiyo upepo inao, lakini maji hayapiti ya kutosha. Hapa mara nyingi radiatere imeziba ndani, na nataka nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu linatuhusu sisi wa kando ya ziwa.

Mashofere wengi wanateremka na bidoni, wanachota maji ya Ziwa Kivu, wanajaza. Maji ya ziwa letu si maji matupu. Yana chumvi za aina nyingi zilizoyeyuka, zaidi ya gramu moja kwa kila lita, na pH yake hapo juu ni karibu 9, anayeyaonja anajua. Katika somo la shimi tuliacha maji yakauke kwenye sahani na tukaona kinachobaki. Sasa fikirini motokari inayopoteza maji kwa mvuke: mvuke unaondoka, chumvi inabaki. Bidoni moja ya lita 20 kila juma, kwa mwaka mmoja, inaacha ndani zaidi ya kilo moja ya chumvi. Kilo moja, ndani ya mirija iliyo myembamba kuliko ukucha! Hakuna radiatere inayoweza kuvumilia hivyo. Ukoko huo ni kama blanketi: maji ni ya moto, upepo unapita, lakini joto halitoki.

Tuna maji mazuri bure. Mvua ya Kivu inashuka juu ya mabati yetu karibu mwaka mzima, na maji ya mvua hayana ile chumvi. Acha dakika za kwanza zioshe bati, kisha weka pipa. Na anayeweza kununua maji ya radiatere ya dukani, yale ya rangi, afanye hivyo. Watu wanasema ni ya nchi za baridi, kwa kuwa yanaitwa dawa ya kuzuia barafu, na huku hatuna barafu. Jina hilo linadanganya. Yakichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, yanapandisha mchemko kwa digrii kadhaa na kuzuia kutu ndani ya moteri. Huku milimani hizo digrii tunazihitaji kweli. Wenye watoto na mbuzi waangalie jambo moja: yana utamu na ni sumu, usiyamwage chini ovyo.

Namna ya kujua radiatere iliyoziba: pandisha mpaka moteri iwe ya moto, simama, zima, ngoja vantilatere itulie kabisa, kisha pitisha mkono karibu na uso wa radiatere, bila kuibana. Joto linapaswa kupungua polepole kutoka maji yanakoingia mpaka yanakotokea. Ukikuta mahali baridi katikati ya moto, kama jiwe katikati ya uji, hapo mirija imeziba. Tena angalia tiyo ya chini wakati mwenzako anakanyaga mafuta: kama inanyonywa na kujibana kama shavu la mzee asiye na meno, imechoka, na maji hayapiti pale pompi inapoyahitaji sana. Mlimani vilevile sababu inaweza kuwa nje ya maji kabisa: freni zinazobana gurudumu, ambreyaje inayoteleza, au moto wa silinda uliopangwa kuchelewa. Gusa vitovu vya magurudumu baada ya safari, kwa tahadhari. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine vyote, fundi aanze hapo.

Aina ya tatu inachemka upesi tu baada ya kuwashwa, hata tambarare, hata bila mzigo. Gusa tiyo ya juu. Kama sindano iko juu lakini tiyo bado ni baridi, mlango haukufunguka: termostati imekwama, au hewa imenaswa ndani baada ya kujaza maji vibaya. Na hapa ndipo penye ushauri ninaoupinga kwa nguvu zote: "Toa ile termostati, haina kazi, inafaa Ulaya." Wengi wanaitoa. Moteri inakaa baridi mno asubuhi, inakula mafuta, mafuta yake ya kulainisha yanachafuka, silinda zinalika upesi. Na kuna jambo baya zaidi. Katika moteri nyingi, za Toyota kwa mfano, termostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya radiatere, inafunga njia ya mkato ambayo maji yanarudi ndani bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inazunguka ndani bila kuiona radiatere, na mlimani moteri inachemka zaidi kuliko kwanza! Mtu ameponya mguu kwa kukata mguu.

Kuipima ni rahisi. Ifunge uzi, itumbukize katika sufuria ya maji bila kugusa chini, weka juu ya makaa pamoja na kipimajoto. Namba iliyopigwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ni digrii za kuanza kufunguka. Hapa Kirotshe sufuria itachemka kwa 95, kwa hiyo nafasi ya kuiona iko. Kama maji yanachemka na bado imefunga mdomo, itupwe.

Aina ya nne ndiyo ya kuogopwa. Maji yanapungua kila siku, wala huoni tone chini. Kwanza tafuta vizuri: kwenye tundu dogo chini ya pompi, kwenye viungo vya tiyo, kwenye radiatere ndogo ya shofaje ndani, ambapo zulia linalowa. Kama hakuna, basi labda yanaingia silindani kwa jointi ya kulasi. Asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza mpaka juu, washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kuisha, ni moshi wa silinda unaoingia majini. Au acha kifuniko kimefungwa, washa, na ushike tiyo ya juu: ikiwa ngumu kama jiwe kwa dakika moja au mbili, wakati bado ni baridi, si mvuke huo, maana mvuke hautoki katika maji baridi. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto, na mafuta ya moteri yenye rangi ya chai ya maziwa, ni ushahidi mwingine. Ukipata alama hizi, ndipo kulasi ishuke, na ng'ombe auzwe kama hakuna njia. Si kabla.

Sindano ya tablo nayo isiaminiwe kama Maandiko. Katika motokari za zamani inaweza kupanda kwa sababu ya waya mbovu tu, na moteri ni nzima. Lakini kuna uongo wake mmoja unaoua. Kifaa kinachopima joto kinapaswa kulowa. Maji yakiisha yote, kinabaki hewani, na sindano iliyokuwa juu inashuka ghafla kama kwamba mambo yamepona. Shofere anafurahi, anaendelea, na baada ya dakika chache kulasi imepinda. Sindano ikipanda sana kisha ikaanguka yenyewe bila wewe kupunguza mwendo, zima palepale.

Na kama imechemka njiani na mgonjwa yuko ndani? Punguza mzigo wa moteri, fungua shofaje mpaka mwisho ingawa abiria watalalamika, kwa maana ni radiatere ndogo ya pili. Tafuta mahali pa kusimama. Kama maji bado yapo na mkanda unazunguka, iache iunguruma polepole dakika mbili tatu ipumue. Kama yameisha au mvuke umejaa, zima mara moja. Kisha ngoja nusu saa nzima. Kifuniko kisiguswe. Maji yaliyo ndani yamepita digrii za mchemko na yanazuiwa na kifuniko tu. Ukifungua, mbonyezo unatoka na sehemu ya maji inageuka mvuke kwa nukta moja, usoni mwako. Mara nyingi anayetumwa kufungua ni kijana mdogo wa motokari, kwa sababu mkubwa anaogopa. Asitumwe. Baada ya kupoa, weka kitambaa kizito, zungusha mpaka pingili ya kwanza, acha ipumue, kisha toa. Na maji baridi yasimwagwe kwa haraka ndani ya moteri ya moto, kwa maana chuma cha moto kikipigwa na baridi kinapasuka. Washa, mimina kidogo kidogo.

Mwalimu wa fizike ametukubalia kutumia sufuria na kipimajoto cha maabara Jumamosi baada ya usafi. Termostati mbili tumeazima, moja nzima na moja iliyokufa. Anayetaka kuona mlango unavyofunguka kwa 82, na maji ya Kirotshe yanavyochemka kabla ya 100, aje na daftari.

Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa mwisho